Mwalimu na Mdudu wa Sandarusi

Kosa langu la kwanza lilikuwa spiriti.

Mimi ni fundi simu, nina kibanda Dunda, mjini Bagamoyo, na katika kazi yetu kila kitu kichafu kinafutwa kwa spiriti: bodi, kioo, hata vidole. Kwa hiyo Mwalimu aliponiachia kipande cha sandarusi, kikubwa kiasi cha tende, akaniambia nikiweke chini ya hadubini yangu ya kutazamia bodi, nilikiona kina vumbi nikafanya ninachokifanya siku zote. Nilichovya pamba, nikafuta. Sikujua kwamba sandarusi si kioo wala si jiwe. Ni utomvu wa mti uliokaa ardhini mpaka ukawa mgumu, lakini si mgumu wa kuhimili spiriti. Uso wake ulilainika kama pipi iliyotolewa mdomoni. Nilipotaka kukiinua, kidole gumba changu kilinata, na kilipobanduka kiliacha alama yake nzima, mstari kwa mstari, juu ya mdudu aliyekuwa ndani.

Mwalimu alikitazama kipande kile muda mrefu. Nilisubiri matusi.

"Sasa humu tuna viumbe wawili," alisema. "Mmoja hatumjui bado. Mwingine ni wewe."

Nimeanza na kosa hilo kwa sababu ndilo ninaloweza kulisimulia. La pili nalifikia kwa shida.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa baiolojia. Bagamoyo ukisema "Mwalimu" bila kuongeza jina, watu wa rika la mama yangu wanaficha viganja. Aliwachapa karibu wote. Mimi hakunifundisha darasani. Niliacha shule kidato cha pili, na simu nilijifunza kwa kuziharibu. Yeye alikuja kibandani kubadilisha betri, akaiona hadubini, akaisahau betri. Kesho yake alirudi na kiberiti ambacho ndani hakikuwa na njiti hata moja.

Viberiti vilikuwa mkoba wake. Alivaa koti la suti siku zote isipokuwa Ijumaa, na mifuko yote miwili ilijaa viberiti vyenye wadudu waliolazwa juu ya pamba. Nje ya kila kimoja aliandika kwa penseli mahali, siku, na nani alimwona. Akina mama wa mtaani walimletea mende wa ajabu na vipepeo waliokatika, naye aliwapokea kwa shukrani ileile. Lakini ukimletea mdudu bila kukumbuka ulimtoa wapi, alikurudishia. "Huyu sasa ni takataka," alisema, mbele yako, huku umesimama na kitu chako mkononi. Nilimwona akimwambia hivyo mtoto wa shule ya msingi. Mtoto alilia. Mwalimu alikaa naye kwenye ngazi ya duka jirani mpaka akakumbuka: nyuma ya choo, juzi, baada ya mvua. Ndipo akaandika.

Kuna mdudu ambaye kila mtu wa pwani amemuua angalau mara moja. Huingia ndani wakati wa mvua, miguu mirefu kupita kiasi, anajigongagonga ukutani kama mtu aliyepotewa na mlango. Tunamwita mbu mkubwa, na kwa jina hilo tunamuua. Mwalimu hakulivumilia. Siku moja dereva wa bodaboda anayeegesha mbele ya kibanda changu alimpiga mmoja kwa ndala. Mwalimu aliinuka kwenye benchi.

"Umemuua kwa kosa gani?"

"Mbu huyo, Mwalimu. Tena baba yao."

"Huyu haumi. Hana hata mdomo wa kukutoboa. Umeua mpita njia."

"Basi angevaa beji, Mwalimu, tungemjua."

"Anayo beji." Akamwokota kwa ncha ya kalamu, akamgeuza. "Tazama mgongoni. Unaona alama kama herufi V? Mbu hana hiyo. Na nyuma ya mabawa ana vijiti viwili vyenye vichwa, vya kumzuia asiyumbe. Kimoja kimekatika kwa ndala yako."

Dereva alitazama, kwa kweli alitazama, kisha akasema, "Mimi naona mbu aliyevunjika," na benchi zima likacheka. Mwalimu alicheka pia.

Aliyekuwa ndani ya sandarusi alikuwa wa jamii hiyohiyo. Mkulima mmoja wa Fukayosi alikitoa kipande akichimba muhogo. Zamani watu wa huku walikichimba kitu hiki kwa wingi na kukiuza kwa wafanyabiashara waliokipeleka ng'ambo kutengenezea vanishi. Siku hizi jembe likikigonga, wengi wanakitupa, na wachache wanakifukizia nyumba. Mwalimu alikuwa na kopo zima la maziwa limejaa vipande, na mkewe alimtisha kwa kopo hilo kila walipokosana. "Leo naweka chetezoni vyote," alisema. "Nyumba inukie, nami nipate nafasi kabatini." Hakuwahi kuweka hata kimoja. Lakini Mwalimu alivihesabu.

Hakupenda kukuza mambo. Wateja walipouliza kama kipande kile ni kaharabu, alisema hapana, kaharabu ni mzee, hiki ni kichanga mbele yake. Walipouliza kina miaka mingapi, alisema hajui, na kwamba wapo wataalamu wanaokataa hata kukiita kisukuku. Nilimshauri apunguze hiyo "sijui" mbele za watu. Aliniangalia kama nimemshauri aibe.

Neno hilo lilikuwa na ndugu yake. Aliponifundisha kuandika maelezo ya mdudu, niliandika: Hakuna nywele kwenye bawa. Alikata kwa wino mwekundu mpaka karatasi ikachanika.

"Hakuna? Umekuwa Mungu, fundi? Andika: sijaona."

"Si yaleyale, Mwalimu?"

"Hakuna ni habari ya mdudu. Sijaona ni habari yako. Usichanganye mambo yako na ya mdudu."

Nililipenda neno hilo kuliko alivyotarajia. Mimi ni mtu ninayerudi mara tatu kuangalia kama nimefunga kibanda. Niliposikia kuna kazi duniani ambamo neno moja linapewa uzito wa namna hiyo, nilijiona nimefika kwetu. Nilisoma kila nilichokipata kwenye simu, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, mpaka nikaweza kutaja mishipa ya bawa kwa majina. Sikuona kwamba uangalifu wake na wangu ulikuwa vitu viwili. Yeye aliogopa kukosea juu ya mdudu. Mimi niliogopa kuonekana nimekosea.

Kilichokuwa mezani, nikieleze waziwazi. Mwalimu alilinganisha mdudu wetu na maelezo yote aliyoweza kuyapata, na hakuna hata moja lililomfaa. Samahani: hakuona hata moja. Aliamini ni spishi isiyowahi kuelezwa. Lakini mdudu hawi mpya kwa sababu umemwona wa kwanza. Anakuwa mpya wako pale unapomweleza kwa maandishi, na maandishi yakachapishwa. Mwingine akitangulia kwa siku moja, umetanguliwa. Mwalimu alikuwa amekusanya wadudu tangu ujana wake na hajawahi kuchapisha ukurasa. Huyu ndiye aliyemtaka. Mmoja tu.

Na kwa jamii hii wadudu wawili wanaweza kufanana kila kitu, wakatofautiana kwenye ncha ya tumbo la dume tu, pale anapomshikia jike. Mwalimu, kwa heshima yake, alipaita mkiani. Dereva wa bodaboda hakuwa na heshima hiyo.

"Kwa hiyo nyinyi wawili, mchana kutwa, mnachungulia sehemu za siri za mbu?"

"Za marehemu," alisema Mwalimu bila kuinua kichwa.

Mdudu wetu alikuwa dume. Na alama ya kidole changu ilikuwa imekaa palepale, mkiani.

Macho ya Mwalimu yalikuwa yanakufa. Ilikuwa presha ya macho. Kliniki walimwambia kinachopotea hakirudi, dawa ni ya kulinda kilichobaki. Alinieleza siku aliyotoka huko, amesimama, viberiti vinagongana mfukoni, na kabla sijapata la kusema aliuliza kama nina msasa laini wa maji. Alikuwa ameamua kutumia macho yaliyobaki kuuondoa ule uso wa kipande niliouharibu. Nilimwomba nifanye mimi. Alisema mkono wangu una haraka ya fundi.

Alisugua mara nne, akaosha, akatazama. Mara nne, akaosha, akatazama. Akizidisha, msasa ungemfikia mdudu na kumkata. Wiki zikapita hivyo. Nilikaa pembeni nikifungua simu za watu, na kila niliposikia maji yakidondoka bakulini nilijua kwamba anautumia mwanga wake kunifuta mimi. Hakuwahi kuniambia hivyo. Mkewe aliniambia mara moja, akinipa chai: "Baba, hayo macho angekuwa anawaangalia wajukuu."

Niliinywa chai hiyo, nikarudi kwenye simu za watu.

Asubuhi uwazi ulipopatikana, Mwalimu aliinama kwenye lenzi, kisha nikamsikia akisema kwa sauti ya chini, "Loo, bwana mkubwa. Kumbe una meno." Vishikio viwili, kila kimoja na meno matatu, la kati limepinda. Alichora palepale kwa penseli, bila kifutio. Mchoro haukuwa mzuri. Aliwahi kuniambia mchoro wa mdudu si picha ya harusi. Lakini kila jino lilikaa mahali pake, na nililinganisha mara nyingi nikitafuta kosa, nikalikosa.

Hapa niseme jambo ambalo halimpendezi. Mtu huyu wa sijaona alijifanya anaona. Aliwatambua watu kwa sauti akawasifia mavazi. Alifungua gazeti kibandani akageuza kurasa kwa muda uleule wa zamani. Ilibaki bawa tu kuchora. Nilimwekea kipande chini ya hadubini, akainama, akasema, "Eeh, mshipa wa pili unagawanyika karibu na ncha." Nilipogeuka niliona taa ya hadubini haijawaka. Aliyasema kutoka kichwani. Aliyashika zamani, kabla macho hayajafika hapo. Nilinyoosha mkono nikaiwasha polepole. Nadhani alisikia kitufe.

Aliondoa jicho kwenye lenzi. Kisha akasukuma daftari upande wangu. Maelezo yote yalikuwamo, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza chake kilichonyooka cha shule za zamani.

"Bawa ni lako," alisema. "Ukimaliza, tuma kwenye jarida."

Kazi hiyo ilikuwa ya siku mbili. Mchoro wa kwanza niliumaliza kwa siku moja na nusu. Kulikuwa na mshipa mmoja ambao mkono wangu uliupeleka kushoto kidogo. Nikachora wa pili. Wa pili ulikuwa na mshipa sahihi na ukingo mbaya. Mwalimu na mkewe walihamia shambani Fukayosi, kwa kuwa mjini alikuwa anagongwa na bodaboda, na mimi nikaendelea kuchora. Nilinunua kalamu nyingine. Nilijifunza kuchora kwa kompyuta. Nilijiambia kwamba mtu aliyetoa macho yake kwa mkia anastahili bawa lisilo na kasoro. Ilikuwa heshima, nilijiambia.

Ramadhani iliyofuata nilikwenda kuwasalimia. Ilikuwa baada ya alasiri, midomo yake imekauka kwa saumu.

"Umetuma?" aliuliza.

Mchoro wa tisa ulikuwa mezani kwangu Dunda, umebaki mshipa mmoja. Nilijua ningeumaliza jioni ileile.

"Nimetuma, Mwalimu."

Alishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. Akamwita mkewe: "Mama, imekwenda!" Mkewe alipiga kigelegele kimoja kifupi, cha mtu aliyefunga.

Hilo ndilo kosa la pili. Jioni ile sikuumaliza. Na kwa kuwa nilishasema nimetuma, nilitaka ninachotuma kifanane na furaha ile, basi nikachora tena. Alipiga simu kila Jumamosi. "Wamejibu?" "Bado, Mwalimu." "Wana kazi nyingi," alisema, akinifariji mimi. Miezi ikapita hivyo. Nilifika mahali nikawa sipokei mara ya kwanza ikiita. Nilisubiri ya pili, nipate kujiandaa kusema "bado" kwa sauti ya kawaida.

Kisha wengine wakatutangulia kumchapisha mdudu wetu. Niliona kwenye simu yangu, nikiwa nakula. Watu wa nchi za mbali walikifungua kisanduku cha zamani katika makumbusho yao, wakakuta kipande cha sandarusi kilichoandikwa neno moja tu, Zanzibar, na ndani yake alikuwamo mdudu. Mishipa ya bawa ilikuwa ileile. Ule uliopinda kushoto kidogo, uliokuwa ukinisumbua tangu mchoro wa kwanza, ulikuwa umepinda kushoto kidogo. Haikuwa kosa la mkono wangu. Ndivyo alivyo.

Nilikwenda Fukayosi kesho yake. Nilimkuta barazani anapukuchua mahindi, vidole vinafanya kazi vyenyewe, uso umeelekea njiani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, fundi. Wamejibu?"

"Mwalimu, sikutuma."

Hakuacha kupukuchua. "Hukutuma lini?"

"Sijawahi kutuma."

Punje zilidondoka kwenye sinia. "Kwa hiyo Jumamosi zote hizi," alisema, "nilikuwa namngoja nani?"

Nilimweleza yote: michoro, mshipa, Ramadhani, makumbusho. Nilitaka anipige. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na kanga mdomoni.

"Wameandika wamemtoa wapi?"

"Zanzibar."

"Zanzibar kilipakiwa tu. Kilichimbwa huku." Alisema hivyo kwa hasira kubwa kuliko zote nilizoziona kwake, hasira ya mwalimu kwa jibu baya. Kisha sauti ikashuka. "Nisomee."

Nilimsomea, nikigeuza Kiswahili sentensi kwa sentensi. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za mwanawe kutoka kwa mgeni. Wao walikuwa na jike. Chini kabisa, baada ya vipimo, waliandika kwamba dume hajulikani.

"Rudia."

"Dume hajulikani."

"Anajulikana," alisema Mwalimu. "Nimemwona mimi." Mikono ilikuwa imesimama sasa. "Nimemwona kwa macho haya."

Mkewe akaingia ndani. Tulimsikia akilia huko, bila kujificha sana.

Baada ya muda Mwalimu aliuliza kama kazi yetu iko kwenye simu. Nilisema iko. Akaniambia nifungue juu, penye kichwa cha habari. "Pameandikwaje?"

"Maelezo ya spishi mpya ya—"

"Futa mpya."

Nilifuta. Herufi nne.

"Andika dume. Maelezo ya dume. Jina waliloweka wao, liweke. Weka na mahali alipochimbwa, kwa usahihi, shamba kwa shamba. Halafu bawa. Mchoro wa kwanza unao?"

"Ninao, Mwalimu, ila ukingo wake—"

"Fundi."

Niliweka wa kwanza. Nilipanga sentensi alizonitajia, moja baada ya nyingine, nikikosea herufi na kurudia. Mtandao pale ni wa kubahatisha. Nilisimama pembeni mwa baraza nikiinua simu juu kama mjinga. Mstari ulijaa taratibu, ukasimama, ukajaa.

"Imekwenda, Mwalimu."

Aligeuza uso upande wa mlango. "Mama," aliita. "Mama, njoo unisomee hapo kwenye simu ya fundi. Pameandikwa nini?"

Mkewe alikuja akifuta uso. Aliishika simu mbali na macho yake, kama wanavyofanya wazee, akasoma kwa kutamka kila silabi.

"I-me-tu-mwa. Saa tisa na dakika kumi."

"Imetumwa?"

"Imetumwa, baba."

Ndipo Mwalimu akaamini. Akavuta hindi jingine, akaendelea.

Sijaitwa tena Fukayosi, na Jumamosi simu haiiti. Mimi bado ni yuleyule: bado narudi kuangalia kufuli, bado nachora kitu mara nyingi kuliko kinavyohitaji, na mkono bado unakuwa mzito kwenye kitufe. Ila tangu alasiri ile sijamwambia mtu yeyote kwamba nimetuma kitu ambacho bado kiko kwangu.